Mstari Mweupe Nilioupiga Mlimani

Kambale nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, chini ya turubai la bluu lililofungwa kati ya nyumba na lori bovu la familia, huku Mulekera, mtaa wa Beni, siku ya tatu ya matanga ya mzee Ramazani. Mgongo ulikuwa uleule wa mtu aliyebeba magunia ujana wake wote, mpana juu, umeelemea kidogo kushoto, ila kichwa kilikuwa kimejaa mvi. Mimi nilikuwa nimefika Beni asubuhi hiyo kutoka Butembo, vumbi bado limekaa kwenye nyusi, nikaketi nyuma kabisa pamoja na wanawake waliokuwa wanachagua mchele, mahali ambapo mtu anaweza kuondoka bila kuaga. Nilikuja kumlilia Ramazani, hiyo ni kweli, lakini haikuwa kweli yote. Nilikuja pia kwa sababu nilijua Kambale hawezi kukosa, na kwa miaka zaidi ya ishirini kulikuwa na jambo moja nililopaswa kumwambia. Siku ile ziwani, alipofukuzwa kazi mbele ya watu wote kwa kupakia boti vibaya, kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu. Nililijua siku ileile, nikanyamaza, na kesho yake nikaondoka.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, si kwa sababu ya ujinga. Niliiacha kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu nami nikachoka kukaa. Nilikuwa nimepika kwa wachimbaji wa dhahabu Manguredjipa miezi saba, nikauza vitunguu Alimbongo, nikarudi Butembo bila mpango wowote, na nilikuwa ninakula maharagi kwenye mkahawa mmoja wa mbao karibu na soko niliposikia madereva wawili wakicheka. Mmoja alisema kuna mama mmoja, muuza samaki wa chumvi, anajengesha boti mlimani, juu kabisa, mahali ambapo hata kisima ni shida. Mwenzake akasema labda huyo mama amesikia habari za gharika ambazo mapadri wamezificha. Nilimaliza sahani yangu nikaenda kuangalia. Nilitaka kuona tu. Nilikaa hapo karibu mwaka mzima.

Boti ilikuwa kweli. Ilisimama katika kiwanja cha Mama Masika kama mifupa ya mnyama mkubwa, juu ya magogo, omo yake ikitazama geti la juu lililo kando ya barabara na tezi yake ikitazama mtaro wa chini. Omo ni mbele ya chombo na tezi ni nyuma. Maneno hayo nilikuwa sijayajua bado. Kiwanja kilikuwa na mteremko kama viwanja vyote vya Butembo, kuku wakikimbia kutoka juu wanafika chini kabla hawajataka. Mafundi walikuwa mafundi wa vitanda na milango, watu wanne wenye penseli masikioni, na walikuwa wanamsikiliza mzee mmoja mwenye kofia ya kushonwa na jicho moja lenye ukungu. Huyo alikuwa Ramazani. Mama Masika alinikuta nimeegemea geti, akaniuliza kama ninatafuta mtu au ninatafuta kuiba. Nilimwambia ninatafuta kujua boti itatoka namna gani. Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, akaniuliza kama ninajua kusonga bugali ya watu saba. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Chumba nilichopewa kilikuwa depo ya samaki. Upande mmoja marobota ya samaki wa chumvi hadi darini, upande wa pili kitanda changu cha kamba, na katikati nafasi ya kuvulia viatu. Asubuhi, baridi ya Butembo ikiingia chini ya mlango, harufu ya chumvi ilikuwa nzito kiasi kwamba chai yenyewe ilikuwa na ladha ya ziwa. Nilipenda chumba kile kwa sababu ya ukuta wake wa mbao, uliopakana na sebule ya Mama Masika, na kila Jumapili baada ya misa wanawake wa ushirika walikutana pale. Walikuwa saba, yeye akiwemo. Niliwasikia wote bila kuona uso wa yeyote. Ndipo nilipoelewa kwa nini boti. Miaka yote walikuwa wanakodi mitumbwi ya wengine kuvusha chumvi, sabuni na unga hadi vijiji vya wavuvi na kurudi na samaki, na mwenzao wa nane, Mama Katungu, alikuwa ameingia kwenye mtumbwi uliojazwa kupita kiasi, asitoke. Sauti moja ilisema mara nyingi afadhali mbao ziuzwe, watu wa mlima wakae mlimani. Mama Masika alijibu kila mara kwa utulivu uleule: hatarudi kwenye mtumbwi wa mtu, na hataruhusu mtu yeyote ajaze boti yake namna walivyojaza ule wa Katungu. Atakayefanya hivyo hatafanya kazi kwake saa moja zaidi.

Mzee Ramazani alitoka katika familia ya Waislamu wa Beni, wasafirishaji wa baba na mjomba, lakini yeye barabara za hapa hazikumtosha. Ujana wake alishuka hadi pwani, akafanya kazi ya kupakua meli bandarini miaka mingi, akarudi na kofia, kikohozi na maneno. Maneno yale ndiyo niliyoyafuata kama mbwa anavyofuata mchinjaji. Saa ya kula, mafundi wakiwa wanazungumza habari za mpira, mimi nilikaa mbele ya mzee na kuuliza. Siku moja nilimuuliza bandari ni nini hasa, kwa sababu mimi niliyoiona ni ufukwe wa ziwa tu, watu wanatua na kuondoka. Alisogeza sahani katikati. Bugali aliikata kwa kidole akaifanya ukuta mrefu uliojikunja, mchuzi wa sombe, majani ya muhogo, ukabaki ndani. Akasema huu ukuta wa mawe unavunja mawimbi ya nje, na haya maji ya ndani yanalala. Alipasua ukuta kidogo: huu ndio mlango, meli inapita hapa, si pengine. Akaweka maharagi mawili pande zote za mlango, akasema hayo ni maboya, yanaelea na yamefungwa chini kwa mnyororo, yanamwambia nahodha pita katikati yetu. Ukingo wa sahani ulikuwa gati, mahali ambapo meli inasimama kwa ubavu na watu wanapakua bila kulowa. Halafu akanitupia swali: kama maji ya hapa yana kina cha vidole viwili, na meli inazama vidole vitatu, itakuwaje? Nikasema itakaa juu ya udongo. Akacheka, akala bandari yote.

Nilijifunza kwa njia hiyo, mlo kwa mlo. Mkuku ni uti wa mgongo wa chombo, ule mti wa chini unaobeba mbavu zote. Farumi ni mawe au mchanga unaowekwa chini kabisa chombo kikiwa kitupu, ili kisitupwe huku na huku. Na juu ya yote kulikuwa na mstari. Mzee alisema kila meli aliyoipakua ilikuwa na alama ubavuni, na asubuhi kabla ya chai yeye aliangalia alama ile kwanza, kwa sababu ilimwambia meli imebeba kiasi gani na inaweza kuongezewa kiasi gani. Maji yakifika pale, basi. Nilimuuliza na tajiri akikataa? Akasema tajiri akikataa, wapakiaji wanakaa chini, na yeye aliwahi kukaa chini siku nzima juani.

Mtu ambaye hakupenda habari za mstari alikuwa Kambale. Alikuwa mkuu wa wapakiaji wa lori la Mama Masika, kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, na katika kazi yake hakuna aliyemfikia kutoka Lubero hadi Beni. Kupakia lori kwake kulikuwa kama kujenga nyumba. Saruji na chumvi nyuma, juu ya magurudumu, ili gari lishike barabara likipanda, mafuta na sabuni katikati, magodoro juu, na juu ya magodoro watu, kumi na tano hata ishirini, miguu inaning'inia. Alikuwa anapita karibu na boti kila siku na kusema neno. Mimi aliniita Amiral, mkuu wa meli za vita. Akija kuchukua bugali yake alisimama kwa heshima, mkono kwenye paji la uso, akiuliza kama Amiral ameamka vizuri na kama bahari ya Butembo imetulia. Mafundi walianguka kwa kicheko. Nilimjibu kwamba atakuja kuniomba ruhusa ya kuweka hata ndoo moja, na nilikuwa nasema kweli, kwa sababu Mama Masika alikwisha kuamua: mzee atapakiza kwa mstari, na mzee asipokuwepo, ni mimi. Kambale aliposikia hayo hakucheka tena. Alisema amebeba mizigo tangu meno ya utoto, na sasa ataambiwa na mtoto wa juzi, mpishi, gunia liwekwe wapi.

Kabla ya mvua kubwa, jicho la pili la Ramazani nalo liliingia ukungu. Wanawe walikuja kumchukua wampeleke Beni akatibiwe. Boti ilikuwa imekamilika, imezibwa na kupakwa rangi ya bluu, imebaki mstari tu. Mzee aliniita akiwa tayari kwenye gari, akaniambia nipime katikati ya boti, kutoka ukingo wa juu, mkono mmoja na shibiri moja, nipige msumari hapo, kisha mstari uende mbele na nyuma kutoka msumari ule, ulale kama maji yanavyolala. Gari liliondoka. Nilisimama barabarani nikijisikia nimekabidhiwa meli ya kweli.

Sasa, sisi watu wa Butembo tunajua kupima usawa. Hakuna nyumba hapa inayojengwa mahali tambarare, hivyo fundi wa ukuta hawezi kuanza bila mpira wake mwembamba unaopitisha mwanga, umejazwa maji: mmoja anashika mwisho huu, mwingine anashika mwisho ule, maji yakitulia pande zote mbili, hapo ni sawa, hata kama kilima kimelala namna gani. Niliazima mpira wa jirani fundi, akaja mwenyewe kunisaidia. Tulianza kwenye msumari wa katikati, tukaenda mbele, tukapata alama. Tukaenda nyuma, tukapata alama. Tukavuta kamba yenye chokaa, nami nikapaka rangi nyeupe kwa brashi ya kupaka rangi madirisha, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Mstari ulinyooka. Uliendana na ukingo wa paa la jirani na ukuta wa kanisa ng'ambo ya bonde. Mama Masika alitoka nje, akauangalia muda mrefu, akanishika bega. Siku ile nilijiona mtu.

Boti ilishuka kwa lori njia ya Kyondo, imefungwa kwa kamba kama mgonjwa, omo ikitangulia juu ya kichwa cha dereva. Katika kila kijiji watu walitoka mashambani, majembe mkononi, na mzee mmoja akauliza kama ni jeneza la nani. Kambale, aliyekaa juu ya boti, alimjibu ni la Amiral. Hewa ilianza kuwa ya moto, tukavua masweta moja baada ya lingine, na chini kabisa ziwa lilionekana limelala kama bati jipya. Tulilala Kyavinyonge, kando ya ziwa, kwenye uwanja wa wauza samaki, tukala thilapia waliokaangwa kwa mafuta ya mawese, na wanawake saba wa ushirika waliimba nyimbo za Bikira Maria hadi sauti zikakauka.

Asubuhi boti iliingia majini na ikaelea, na fundi wa vitanda mmoja akalia. Kisha tukaanza kupakia. Nilisimama majini hadi mapajani, nikishika ubavu wa boti, Kambale na vijana wake wanapita na magunia. Yeye alitaka kupakia kama anavyojua. Nilimkataza mbele ya vijana wake, nikamwambia mstari ndio utakaosema. Akaanza kufanya kila nililosema, neno kwa neno, jambo ambalo lingenitia wasiwasi kama ningekuwa na akili ya leo. Magunia ya chumvi yaliwekwa sawasawa kutoka mbele hadi nyuma. Muda si mrefu maji yakagusa mstari kule mbele, lakini nyuma mstari ulikuwa bado uko juu, unakauka juani.

"Mbele imefika," Kambale akasema. "Nyuma bado."

"Basi ongeza nyuma."

"Uko na hakika?"

"Mustari njo inasema."

Aliongeza nyuma. Akahamisha na yaliyokuwa mbele, akaongeza tena, hadi maji yakagusa rangi nyeupe kutoka omo hadi tezi, na mimi nikapiga makofi. Kazi ile ya kupima ilikula saa nyingi, jua likapanda, na upepo wa mchana ukawa umeanza kuamka. Tulipanda: wanawake saba, Kambale, mtu wa injini na mimi. Yule fundi aliyelia alibaki ufukweni akipunga kofia.

Ziwa halikutufanyia ukatili. Watu wa pale walisema baadaye yalikuwa mawimbi ya kila siku. Lakini injini ilipokaza, mbele kulinyanyuka na nyuma kukaketi, na wimbi la kwanza lililotufuata likamimina maji juu ya tezi kama mtu anayemwaga beseni. La pili likazima injini. Nilikumbuka sufuria niliyokuja nayo, nikaanza kuchota, na kila nilichochota kilirudi mara mbili. Mama Masika alikuwa amekaa nyuma kabisa, juu ya chumvi, maji kiunoni, rozari kati ya meno kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika mbao. Hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia tu mwanamke mmoja akilitaja jina la Katungu, polepole, kama mtu anayeita jirani. Kambale ndiye aliyetuokoa. Alirukia nyuma, akashika gunia la chumvi akalitupa ziwani, la pili, la tano, halafu akawasukuma wanawake mbele mmoja mmoja kwa mabega, bila heshima yoyote, akiwatukana kwa Kinande, lugha yetu. Tezi ikapanda. Tukachota kwa sufuria, kwa mabeseni, kwa viatu. Wavuvi wawili walikuja na mitumbwi yao wakatuvuta hadi ufukweni, na tulipogusa mchanga tulikuwa watu kumi, walewale kumi. Mama Masika alituhesabu kwa kidole mara tatu.

Halafu akauliza ni nani aliyepakia. Alikuwa anatetemeka, kitenge kimemshika miguuni, na kila mmoja alikuwa anatazama chini. Kambale alisema ni yeye. Mama akamwambia ameona kwa macho yake alivyoipakia boti kama lori la Fuso, mzigo wote nyuma, kama alivyotaka tangu mwanzo, na kwamba Katungu alikufa hivyohivyo. Akamwambia aondoke. Nami wakati huo nilikuwa nimesimama upande wa pili wa boti. Vijana walikuwa wameivuta juu ya mchanga, mchanga ulio sawa kama meza, na ilikuwa mara ya kwanza nikaiona mahali pasipo na mlima. Mstari wangu mweupe ulikuwa unapanda. Ulianza chini kule mbele, karibu na mkuku, ukaenda ukinyanyuka hadi nyuma, shibiri moja na nusu tu kutoka ukingoni. Ulikuwa sawa na paa la jirani na kanisa la ng'ambo, lakini haukuwa sawa na boti. Boti ilikuwa imesimama kwenye mteremko wa kiwanja, omo juu, tezi chini, na mimi nikapima kilima nikidhani ninapima boti. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, Kambale bado yuko hatua kumi mbele yangu, anafunga fulana yake iliyolowa kwenye fimbo. Alinitazama. Nikafunga mdomo.

Mara nyingi nimejiuliza ni nini hasa kilichonizuia. Si woga wa kufukuzwa. Kazi nilikwisha kuacha nyingi bila kujali. Nadhani ni ule mkono wa Mama Masika kwenye bega langu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kunishika bega kwa sababu ya kitu nilichojua. Kesho yake alfajiri nilipanda gari la samaki hadi Kasindi, na tangu hapo kuondoka kukawa ndiyo kazi yangu. Nimeishi Bunia, Mambasa, Kisangani. Kisangani nilikwenda bandarini siku ya kwanza, nikasimama mbele ya gati la kweli na boya la kweli, nikayataja maneno ya mzee moja moja, na yote yalikuwa yanafanana na ile sahani ya sombe. Kutoka kwa madereva nilisikia kwamba jicho la Ramazani lilifunguliwa, kwamba alishuka ziwani, akakwangua mstari wangu, akapiga mwingine boti ikiwa majini, hakuuliza aliyepiga wa kwanza ni nani. Nilisikia pia boti ile ilifanya kazi miaka mingi na haikumzamisha mtu hata mmoja. Habari hiyo nilikuwa nikijikumbusha kila nilipokosa usingizi. Lakini habari za Kambale hakuna aliyenipa.

Mchana, chini ya turubai la Mulekera, wali ulipoanza kugawiwa, nilichukua sahani mbili nikaenda mbele. Nilimpa moja, nikamwamkia kwa Kinande, na akanitazama kwa muda kabla uso wake haujabadilika. Akasogea kwenye benchi. Aliniambia mzee alikufa vizuri, kitandani, anaongea. Akaniuliza nina watoto wangapi, mimi nikamuuliza yeye, tukataja majina. Wali ulikuwa unapoa. Nikaona kama sitasema sasa nitaulizia na wajukuu, kisha bei ya saruji, kisha nitaondoka.

"Yaya Kambale," nikasema, nikimwita kama kaka mkubwa, "ile siku ya ziwa. Hapana weye. Ile mustari njo ilikuwa mubaya. Niliiona palepale kwa muchanga, nikanyamaza."

Aliendelea kutafuna. "Minajua," akasema.

Nikamwambia najua aliiona, alinitazama. Akatikisa kichwa. Aliweka sahani chini kwenye udongo, jambo ambalo mtu wa kwetu halifanyi kwa chakula cha matanga, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Hapana kwa muchanga. Niliona mbele ya boti kuondoka. Mutu mwenye anapakia Fuso miaka yote ile anaona kitu yenye inalala nyuma. Nilikuuliza kama uko na hakika, unakumbuka? Ukanijibu kama mutu wa bureau. Nikasema ndani ya roho, acha. Acha bamama balowane kidogo, kiisha baone huyu Amiral na rangi yake. Nilizania ni maji ya miguu tu, tutarudi, nitacheka." Alitazama lile lori bovu. "Kiisha nikaona Mama Masika na rozari kwa meno. Donc wakati aliuliza ni nani alipakia, ningejibu nini? Nilijibu mi. Haikukuwa bongo, ilikuwa kweli."

Kwa miaka yote ile nilikuwa nimembeba kichwani kama mtu niliyemwibia, na kumbe yeye naye alikuwa ananibeba mimi, mimi na wale wanawake saba. Aliniambia Mama Masika, mzee alipopiga mstari mpya na kumwonyesha tofauti, alimtuma mtu Beni mara mbili kumwita arudi. Kambale alikataa mara mbili. Asingeweza kuketi mezani kwa mwanamke yule, akijua alichokiona akakiacha kitokee. Nikamuuliza kama mzee alijua. Akasema mzee alijua kila kitu, alimwambia mwenyewe, hapahapa, kwenye kiwanja hiki, na mzee alicheka hadi akakohoa, akasema katika bandari zote alizofanya kazi hajawahi kuona wapakiaji wawili wakigombania chombo kimoja namna ile. Kisha akamwambia amtafute yule msichana. Kambale aliuliza Butembo, aliuliza Kasindi. Nilikuwa nimeshaondoka kila mahali.

"Mais uko na miguu," akasema. "Mutu anafika, unakwisha kutoka."

Nilianza kucheka, na cheko lilikuja na machozi, mahali pazuri kwa machozi kwa kuwa hakuna aliyeshangaa. Mwanamke mmoja alinipa kitambaa akiniambia mzee yuko pema. Kambale aliokota sahani yake, akapuliza udongo ukingoni, akaendelea kula, na mimi nikagundua nilikuwa na njaa tangu jana. Tulikubaliana kumpigia Mama Masika simu jioni. Ni mzee sana sasa, anasikia kwa sikio moja, itabidi tupige kelele, mtu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja aseme la kwake.

Saa tisa dereva aliyenishikia nafasi ya kurudi Butembo alisimama barabarani akapiga honi, akapiga tena, akamtuma kijana aje kuniita. Nilikuwa nimekunja mikono ya blauzi, mikono yangu imo ndani ya beseni la vyombo pamoja na wanawake wa nyumba ile. Nilimwambia kijana waende tu. Alibaki amesimama, akauliza basi nitaondoka lini. Nilimwambia sijui, na nikamwomba, kama ana nafasi, anisogezee zile sahani zilizobaki kwenye benchi la mbele.